Kuachia Nako Kunataka Nguvu



Wapendwa vijana wenzangu, kabla hatujaanza naomba tufanye zoezi dogo. Shika simu kwa mkono mmoja. Mkono wa pili, kunja kiganja kuelekea ndani kadiri unavyoweza, kama vile unataka vidole viguse mkono wako mwenyewe. Kikiwa kimekunjika hivyohivyo, jaribu kufumba ngumi ya nguvu. Umeona? Ngumi haikazi. Hata yule bingwa wa kunyanyua vyuma jimu, hapo anakuwa kama mtoto mdogo.

Zoezi hilo nilifundishwa mwaka jana, nikiwa kando ya kitanda cha baba yangu, na tangu siku ile Injili ya Marko sura ya 3 naisoma kwa namna nyingine kabisa. Ndiyo maana tafakari yetu ya leo ni juu ya misuli. Msishtuke. Shahada yangu ni ya falsafa, si ya udaktari. Haya ya mwili nilianza kuyasoma kwa sababu yalinifika nyumbani.

Msuli unajua kazi moja

Mwili wa binadamu una misuli zaidi ya 600 inayoendesha mifupa. Kwa mtu mzima ni karibu asilimia 40 ya uzito wake. Ndani, msuli umepangwa kama kamba nene: nyuzi nyembamba zimefungwa pamoja zikawa fungu, mafungu yamefungwa pamoja yakawa fungu kubwa zaidi, na kila fungu lina utando wake wa kulizungushia. Mwishoni tando hizo zinakutana na kuwa kano, ile kamba ngumu inayoshika mfupa. Zile nyuzi za nyama ya ng'ombe zinazokusumbua kwenye meno baada ya pilau la Krismasi, ndizo hizo.

Hiyo ndiyo misuli unayoiamrisha mwenyewe. Kuna mingine, misuli laini ya tumbo, utumbo, mishipa ya damu na kibofu, ambayo haisubiri ruhusa yako. Na kuna msuli wa moyo, ambao uko wa namna yake peke yake. Huo tutaurudia.

Sasa kuna jambo ambalo mimi nilikuwa silijui. Msuli hausukumi. Msuli unavuta tu. Unakaza, unakuwa mfupi, unavuta mfupa, basi. Hata unaposukuma mlango wa kanisa, ndani ya mkono wako kuna msuli unaovuta. Kwa hiyo misuli ya viungo vyetu inafanya kazi kwa kupokezana: wa mbele ya mkono unakunja kiwiko, wa nyuma unakinyoosha. Mmoja ukivuta, mwenzake lazima uachie. Ikivuta yote kwa pamoja, mkono haukunji wala haunyooki. Unabaki umekakamaa palepale, unatetemeka, unachoka bila kufanya kazi yoyote.

Twende ndani zaidi kidogo, maana mahubiri yangu yapo huko. Mwaka 1954 makundi mawili ya wanasayansi yalionyesha kwamba ndani ya uzi wa msuli kuna nyuzi za protini za aina mbili, nyembamba ziitwazo aktini na nene ziitwazo miosini, na kwamba msuli unakuwa mfupi kwa sababu nyuzi hizo zinateleza moja kando ya nyingine. Leo tunajua inavyokuwa. Ujumbe unatoka kwenye ubongo au uti wa mgongo, unapita kwenye neva, kalisi inamwagwa ndani ya uzi, na vichwa vidogo vya miosini vinaishika aktini na kuivuta. Vinaachia, vinashika mbele zaidi, vinavuta tena, kama wavuvi wanaovuta kamba ya wavu mkono baada ya mkono.

Na kitu kinachokifanya kichwa cha miosini kiachie ni nishati, ile tuliyoisoma sekondari kwa jina la ATP. Isipofika, kichwa hakiachii. Kinabaki kimeng'ang'ania. Ndiyo sababu mwili wa marehemu unakakamaa baada ya saa chache. Mliowahi kusaidia kumwosha na kumvika marehemu mnajua: mkichelewa, mkono hauingii kwenye shati. Si kwamba marehemu kapata nguvu. Nguvu zimemwishia, hata ile ya kuachia haipo.

Niliposoma hapo, nilifunika kitabu. Miaka yote nilikuwa naamini kwamba kushikilia ndiyo nguvu na kuachia ndiyo unyonge. Kumbe mwili wangu wenyewe unasema kinyume. Kung'ang'ania hata maiti anaweza. Kuachia kunataka uhai.

Ngumi ya baba

Baba yangu ni fundi seremala, kwetu Mbinga. Miaka mitano kabla ya haya, siku ya kuniaga nilipokuwa naenda seminari kuu, alisimama mbele ya wanajumuiya na majirani akasema: "Huyu mikono yake haijui randa wala msumeno. Asiyeweza kazi ndiye anayekimbilia kanzu." Watu wakacheka wakidhani mzee anatania. Na mimi nikacheka. Lakini ile sentensi niliibeba kwenye sanduku pamoja na Biblia na mashuka.

Nikasoma falsafa miaka mitatu. Nikaandika kurasa nyingi kuhusu Mtakatifu Thoma wa Akwino na fadhila. Likizo nilikuwa narudi nyumbani, namsalimia "Shikamoo Baba," anaitikia "Marahaba," na mazungumzo yanaishia hapo. Kwenye Kitubio nilikuwa nasema "nimekuwa na hasira kidogo," yaani naungama jumlajumla ili padre asiulize. Na kila siku, tukisali Baba Yetu, nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, naongeza mwendo.

Mwaka jana mwezi wa nne baba akapata kiharusi. Bonge la damu liliziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo, kwa hiyo mkono wa kulia ukapooza na maneno yakawa mazito. Nilipofika likizo mwezi wa sita, ule mkono ulikuwa umefumba ngumi. Si ngumi ya hiari. Ulikuwa umefumba usiku na mchana, hadi mama akawa anaweka kitambaa kiganjani ili kucha zisimchome. Mkono wa kulia wa seremala.

Zoezi la kuufungua nikapewa mimi. Asubuhi na jioni. Nilikuwa nashika vidole vyake, navinyoosha kwa nguvu, haraka, nimalize nikasali Masifu. Ngumi ilikuwa inazidi kukaza. Nami nikawa navuta zaidi. Baba alikuwa anafumba macho tu.

Wiki ya pili dada wa fiziotherapia aliniona nikifanya. Akaniuliza, "Frateri, nani anakukimbiza?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi mbona unamfungua mzee kama unavunja mlango? Ukivuta haraka, msuli unazidi kujikunja. Vuta polepole, utaachia wenyewe."

Akanieleza. Ubongo hautumi amri ya kukaza peke yake. Unatuma pia ujumbe wa kutuliza. Kiharusi kinapokata njia ile, msuli hauna tena wa kuuambia "tulia," na kila unapovutwa kwa haraka unajibu kwa kukaza. Na kwa kuwa misuli inayofumba vidole ina nguvu kuliko inayovifungua, mkono unaishia ngumi. Halafu akasema neno ambalo mpaka leo sijalisahau: "Mzee hajang'ang'ania, Frateri. Hana namna ya kuachia."

Ndipo akanionyesha lile zoezi la mwanzo. Misuli mingi ya vidole haiko kwenye vidole. Iko huku juu, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Ukitaka kuamini, weka kiganja cha mkono mmoja hapo, kisha chezesha vidole vya mkono mwingine, utaisikia ikitembea. Kano zake zinapita kifundoni kwenda kwenye vidole. Kwa hiyo ukikunja kifundo kwanza, kano zinalegea na ngumi inapoteza nguvu. Usianze na vidole vilivyofumba. Anza na kifundo. Kisha kidole gumba. Kisha vingine, polepole. Na usivute kupita pale inapouma.

Jioni ile nilifanya hivyo. Maji ya uvuguvugu kwenye beseni, kifundo, kidole gumba, halafu vidole vingine. Ilichukua kama dakika kumi. Kiganja kikafunguka. Kilikuwa cheupe, kina jasho, kina harufu ya kitu kilichofungwa muda mrefu. Na zile sugu za randa, ambazo tangu mtoto nilizijua kama ninavyojua sura yake, zilikuwa zimeanza kubanduka.

Sikujua nitasema nini, nikasema ukweli. "Baba, siku ile ya kuniaga uliniumiza. Na mimi nimekukasirikia miaka mitano." Alinitazama kwa muda. Alihangaika na ulimi wake, akatoa neno moja: "Randa." Akalia.

Mimi nilidhani anazungumzia kazi yake. Mama ndiye aliyenifafanulia baadaye jikoni. Nilipomaliza darasa la saba, baba alininunulia randa yangu, ndogo, ya saizi ya mkono wangu. Akawa anasubiri niombe kufundishwa. Sikuomba. Nilikuwa na vitabu vyangu. Ile randa ipo mpaka leo, imefungwa kwenye gunia karakanani, haijawahi kugusa mbao.

Mikono na mioyo katika sinagogi

Sasa tufungue Marko 3:1-6. Ni siku ya Sabato. Katika sinagogi yupo mtu ambaye mkono wake umepooza. Luka anaongeza kwamba ni mkono wa kulia. Wapo pia watu wanaomvizia Yesu waone kama ataponya, wapate la kumshtaki. Yesu anamwita yule mtu asimame katikati. Anawauliza wale wengine kama ni halali siku ya Sabato kutenda mema au mabaya. Wananyamaza. Marko anaandika kwamba Yesu aliwatazama kwa hasira, akihuzunishwa na ugumu wa mioyo yao. Kisha anamwamuru yule mgonjwa aunyooshe mkono.

Angalieni hiyo amri. Anamwambia afanye kitu kilekile ambacho hawezi. Hamwambii afumbe, apige, ashike. Anamwambia anyooshe. Na yule mtu ananyoosha, kwa sababu pamoja na amri amepewa nguvu ya kuitimiza.

Lakini tusisahau mstari wa mwisho. Wale waliokuwa wanavizia wanatoka nje na kuanza kupanga jinsi ya kumwangamiza Yesu. Mle ndani kulikuwa na magonjwa mawili ya kukakamaa. Mkono mmoja ulifunguka. Mioyo ikabaki imefumba. Na mkono ulikuwa unaonekana na kila mtu, ila mioyo ilikuwa imevaa vizuri na ilikuwa imewahi ibada.

Mimi nilikuwa hao. Nilikaa wiki mbili nafungua mkono wa baba nikiwa nimefumba wangu.

Mwenyeheri aliyejua kwamba moyo ni msuli

Tuliahidi kurudi kwenye moyo. Katika karne ya 17 wasomi wengi waliuona moyo kama tanuru la joto la mwili. Hata Descartes, ambaye wanafalsafa tunamsoma mwaka mzima, alifundisha kwamba misuli inafanya kazi kwa kujazwa aina ya upepo mwembamba kutoka kwenye ubongo, kama puto. Kijana mmoja wa Denmark, Niels Stensen, aliyezaliwa Copenhagen mwaka 1638 katika familia ya Kilutheri, alichukua kisu akaangalia mwenyewe. Mwaka 1664 akachapisha kitabu akieleza kwamba moyo ni msuli, umejengwa kwa nyuzi kama misuli mingine. Mwaka 1667 akatoa kitabu kingine kilichoeleza kwa hesabu jinsi msuli unavyokaza bila kujazwa kitu chochote kutoka nje. Mwaka huohuo, akiwa Firenze, akaingia Kanisa Katoliki. Mwaka 1675 akapewa upadre, mwaka 1677 uaskofu, na mwaka 1988 Mtakatifu Yohane Paulo II akamtangaza Mwenyeheri. Akikuambia mtu kwamba sayansi na imani haziwezi kukaa meza moja, mtajie jina hilo.

Basi, moyo ni msuli. Unapiga mara 100,000 hivi kwa siku. Ukiwa umetulia, pigo moja linachukua karibu sehemu 8 za kumi za sekunde. Katika hizo, moyo unabana kwa sehemu kama 3 na kuachia kwa sehemu kama 5. Yaani unaachia muda mrefu kuliko unavyobana. Na ni wakati wa kuachia ndipo unapojaa damu. Zaidi ya hapo, ukuta wa upande wa kushoto wa moyo, ule unaofanya kazi nzito kuliko yote, unapata sehemu kubwa ya damu yake yenyewe wakati huohuo wa kuachia. Moyo unalishwa unapofunguka. Ukibana bila kuachia, haujai, na usipojaa hauna cha kuwapa wengine.

Nguvu inatoka wapi?

Kijana mwenzangu, labda nawe una ngumi yako. Mzazi aliyekuaibisha mbele za watu. Rafiki aliyesambaza siri yako. Mchumba uliyemblok na bado kila usiku unaingia kuangalia picha zake. Umejaribu kusamehe kwa kishindo, siku ya mkesha, kwa machozi, na Jumatatu imefumba tena. Ukasema, "Mimi siwezi."

Sawa, huwezi peke yako. Hata msuli hauwezi. Akiba ya ATP ndani ya msuli unaofanya kazi kwa nguvu zote inatosha sekunde chache tu. Lazima itengenezwe upya muda wote, kutokana na chakula unachokula na hewa unayovuta. Katika sala ya Baba Yetu, mkate tunauomba kabla ya msamaha. Nadhani Bwana alijua anachofanya. Kwanza tule, ndipo tuweze kuachia. Usiikimbie Ekaristi eti kwa sababu moyo umekakamaa. Kaanze kwenye Kitubio, utaje jambo lenyewe kwa jina lake, si "hasira kidogo," kisha nenda ukale.

Na usivute haraka. Anza mbali na pale panapouma: mwombee huyo mtu kitu kimoja kidogo, afya, au safari njema. Kesho tena. Katekisimu (namba 2843) inafundisha kwamba haiko katika uwezo wetu kutolisikia kosa au kulisahau, lakini moyo unaojitoa kwa Roho Mtakatifu anaugeuza, jeraha likawa huruma. Kwa hiyo kuumia bado si ushahidi kwamba hujasamehe.

Tafadhali, nisieleweke vibaya. Kuachia si kurudi chini ya mkono unaokupiga. Kama kuna mtu anakuumiza sasa hivi, nyumbani au popote, mwambie mtu mzima unayemwamini, ukae salama. Msamaha unaweza kuanza ukiwa mbali.

Kesho yake asubuhi, nilipoingia chumbani kwa baba, ngumi ilikuwa imefumba tena. Nilivunjika moyo kidogo. Halafu nikakumbuka Petro alipouliza asamehe mara ngapi, na Bwana akampa hesabu ndefu. Zamani nilidhani ni kwa ajili ya makosa mengi. Siku hizi nadhani inaweza kuwa kosa lilelile moja, linalofumba tena kila asubuhi. Nikaleta beseni. Kifundo, kidole gumba, halafu vingine.

Leo baba anaweza kushika kikombe cha plastiki. Cha udongo bado. Likizo ijayo, tukijaliwa, atakaa kwenye kiti karakanani, na mimi nitafungua lile gunia. Atanielekeza kwa mkono wa kushoto.

Tusali: Ee Bwana Yesu, wewe uliyemwambia mgonjwa anyooshe mkono na ukampa nguvu ya kunyoosha, tazama tulichokifumba. Sisi tumechoka kushikilia na hatujui kuachia. Tulishe, ututulize, utufungue polepole. Uliyefundwa useremala kwa mikono ya Yosefu, uwakumbuke baba zetu. Amina.

Mwenyeheri Niels Stensen, utuombee.

Wiki hii tuombeane, na anayejijua ana simu ya kupiga, apige.

Ndimi frateri wenu.